Mtaro mpya wa mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi, nyota 3 kwa 5

Nilingoja mvua ya masika ipige vizuri ndio niandike, maanake wakati wa jua mtaro wowote ni mzuri. Huu wetu umejengwa na pesa ya serikali na lazima niseme ukweli, kazi ya mkono ni safi sana, kuta ni za mawe ya kuchonga, simiti haijapasuka, mteremko umepimwa, maji yakiingia yanakimbia. Kuna mama anakaa chumba cha mwisho huko chini, kila Aprili alikuwa anapandisha godoro juu ya meza na kulala kwa jirani na watoto, safari hii maji yaliishia kwa ngazi yake. Hapo mkandarasi amefanya kazi, pongezi.

Shida ni kuutunza. Vijana walikuja na majembe wakatoa chupa, nepi, magunia, ule udongo mweusi unanuka, kazi ngumu na nawaheshimu sana, lakini tope likarundikwa hapo hapo kando ya mtaro likingoja lori na lori halikuja, mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani. Inauma! Pesa ya kuchimba ipo, ya lori haipo. Na zile slebu za kufunika, watu wa skrapu wamezivunja wakatoa vyuma, kwa hivyo ukipita usiku na mtoto mshike mkono.

Kitu ingine, na hii ndio kubwa. Mto Nairobi hauanzi Nairobi, unatoka kwa kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, unapokea mito ya Mathare na Ngong hapa kwetu halafu unaingia mto Athi, mpaka baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Sasa mvua inaweza kuwa inapiga huko juu Kikuyu na huku kwetu ni manyunyu tu, baadaye unaona mto umepanda, na mtaro wetu unamwaga kwa huo mto, kwa hivyo mto ukijaa ule mdomo wa mtaro unafunikwa na maji yanarudi nyuma mpaka kwa ploti. Hata ujenge kuta nzuri namna gani. Pale mdomoni panahitaji mlango wa kujifunga wenyewe mto ukipanda, na huko juu panahitaji vinamasi vilindwe na mabwawa ya kushika maji, na hiyo haiwezi kuwa kazi ya kaunti moja.

Pesa si kidogo. Mafuriko ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 Kenya nzima, mitaa ya Mathare na Mukuru hapa Nairobi ikaumia vibaya, watu wakaambiwa watoke mita 30 kutoka mto na nyumba zikabomolewa, halafu Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa kusafisha Mto Nairobi wa shilingi bilioni 50. Mimi naomba sehemu ya pesa kama hizo iandikwe kabisa kuwa ya kuzibua mitaro kila Februari, na lori ndani yake.

Kama unahamia huku chukua nyumba ya upande wa juu wa barabara, na kabla ulipe depoziti mwambie keateka, yule msimamizi wa ploti, akupeleke uone mahali mtaro unamwagia.