Diploma ya IB: pointi 24 peke yake hazikupi cheti

Ukienda kuulizia nafasi kwenye shule binafsi inayofundisha IB (International Baccalaureate, mfumo wa kimataifa wa masomo ya sekondari), iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, utaambiwa diploma inapatikana kwa pointi 24 kati ya 45. Ni kweli, ila mara nyingi maelezo yanaishia hapo, na masharti yanayowanyima watu cheti yako mbele kidogo.

Masomo ni sita, kila moja lina alama 1 hadi 7, jumla 42. Tatu zilizobaki ni nyongeza kutoka Nadharia ya Maarifa (TOK) na insha ndefu. Kwa kawaida masomo matatu husomwa ngazi ya juu, saa 240 kila moja, na matatu ngazi ya kawaida, saa 150.

Sasa masharti. Masomo matatu ya ngazi ya juu lazima yafikishe pointi 12 yenyewe kwa yenyewe, na ya kawaida 9. Alama 1 popote inakuangusha. Alama 2 zisizidi mbili, na alama 3 kushuka chini zisizidi tatu. E (daraja la chini kabisa) kwenye TOK au insha ndefu, huna diploma. Chukua mwanafunzi aliyepata 4, 4 na 3 ngazi ya juu, kisha 6, 6 na 5 ngazi ya kawaida, na pointi 1 ya nyongeza. Ana 29, tano zaidi ya zinazotakiwa, na diploma hapati, kwa sababu ngazi ya juu imeishia 11. Hisabati iliyochukuliwa ngazi ya juu kwa ajili ya sifa ndiyo huleta 3 ya namna hiyo. Uchaguzi huu ufanywe mapema, na kuhama ngazi kufanyike mwaka wa kwanza, si baada ya mtihani wa majaribio.

Kinachotufanya tuupende mfumo huu ni kwamba mzigo hauangukii chumba cha mtihani peke yake. Kwenye fizikia, kemia, biolojia na hisabati, asilimia 20 ya alama hutokana na kazi ambayo mwanafunzi anaifanya mwenyewe shuleni. Mwalimu husahihisha, kisha IB huchukua sampuli na kurekebisha alama za darasa zima ikiona mwalimu amekuwa mkarimu mno. Ndiyo maana alama za shuleni hushuka ghafla. Na asiyewasilisha kazi hiyo huwekewa N, yaani hana alama ya somo hilo, hata kama karatasi za mtihani alizifanya vizuri.

Insha ndefu ina kikomo cha maneno 4,000, na msahihishaji huacha kusoma yakifika hapo, kwa hiyo hitimisho lililo kwenye neno la 4,200 halipo. Msimamizi hutoa saa tatu hadi tano tu kwa jumla na haruhusiwi kuihariri. CAS, yaani ubunifu, mazoezi na huduma, haina alama, lakini usipoikamilisha cheti hakitoki.

Kiswahili kinapatikana, ila mtoto wa Tanga asitegemee kuandikishwa kwenye kile cha wanaoanza.

Kabla ya kulipa ada, omba shule ikuonyeshe kalenda ya tarehe zake za mwisho za kukusanya kazi za mwaka wa pili. Insha, TOK, kazi za masomo sita na maombi ya vyuo zikirundikana Januari na Februari, hapo hapakufai. Uliza pia mahafali yao yanatoa cheti gani: mitihani ni Mei, matokeo hutoka mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo anayevaa joho Juni anapokea cheti cha shule, si cha IB. Kwa chuo cha Tanzania, matokeo ya IB yatapitia NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa ulinganifu.

Usahihishaji upya unaweza kupandisha alama au kuishusha. Kurudia mtihani Novemba kunaruhusiwa, lakini muda wa kujiandikisha baada ya matokeo ni mfupi, na mratibu wa IB wa shule ndiye anayekuandikisha. Hakikisha hayuko likizo Julai.