Udongo wa vinyago, mzuri ila kagua pakiti

Jamani huu udongo unaokauka wenyewe bila tanuri nimeupata steshenari moja hapa Arusha mjini, kwa vinyago vya ukutani aisee uko poa. Unausukuma na chupa, unaulaza juu ya bakuli ulilolifunika nailoni, macho unatoboa ukiwa bado mbichi, pua kwaruza kwanza pande zote mbili upake maji kidogo ndo uibandike, la sivyo ikikauka inadondoka. Shida pakiti yenyewe, nailoni nyepesi mno, wangu kona moja ulishakuwa mgumu kabisa na muuzaji ananiambia eti ndo ulivyo! Baridi hii ya mwezi wa saba unachelewa kukauka, ila usiuanike jua kali utapasuka. Vanishi lazima, maji hauyawezi. Bei imechangamka, nitanunua tena ila pakiti naiminya kabla sijalipa.