Soda ya kuokea: ipi ununue, ipi uiache dukani

Poda nyeupe inayoumua mandazi ndiyo ileile inayofanya kidonge cha vitamini C kichemke kwenye glasi ya maji. Jina lake la kikemia ni bikaboneti ya sodiamu, NaHCO₃. Kwenye kidonge hicho haitibu chochote: kazi yake ni kukutana na asidi ya sitriki ndani ya maji, itoe gesi, kidonge kisambaratike. Kinachobadilika kutoka duka hadi duka ni usafi wake na vilivyochanganywa nayo, na hivyo ndivyo nilivyozipanga.

Ya kwanza ni pakiti ndogo ya chakula, iliyofungwa, yenye alama E500 na tarehe ya mwisho. Inatosha kwa keki, kwa maharage na kwa kung'arisha sinki. Nasisitiza ndogo, maana poda hii hufyonza unyevu na harufu, na hewa ya Mombasa au Tanga haina huruma kwa kopo lililo wazi. Ukiwa na shaka na ya zamani, ikamulie ndimu. Isipotoa povu kali, peleka kwenye sinki.

Ya pili inauzwa duka la dawa, ikiwa na alama ya BP au USP, yaani usafi usiopungua asilimia 99 na vipimo vya metali nzito. Ni bora kuliko ya kwanza, ila kwa mandazi unalipia usafi ambao mandazi hayauhitaji. Inunue kama ni ya kunywa kwa kiungulia, na hapo zungumza na mfamasia kwanza. Kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Mwenye presha, figo au moyo asijaribu kwa kubahatisha. Pia hupunguza ufyonzwaji wa baadhi ya dawa, tetrasaiklini ikiwemo.

Beking pauda naipa ya tatu. Ni bikaboneti iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu na wanga, kwa hiyo nguvu yake ni kama theluthi moja. Kwa keki isiyo na maziwa mgando ni nzuri. Kwa kulainisha maharage, usihangaike nayo.

Ya mifugo, ile ya magunia, ni ya ng'ombe. Basi.

Mwisho kabisa naweka magadi ya mawe, na najua wapishi wa makande watanuna. Kweli hulainisha haraka. Lakini ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti kama ulivyotoka ardhini, mkali zaidi kuliko soda, na mengine yana floridi nyingi. Eneo la Arusha, ambako maji yenyewe yana floridi na meno ya kahawia si jambo geni, mtoto hahitaji nyongeza kutoka kwenye sufuria. Kuloweka maharage usiku kucha huokoa mkaa vilevile, bila alkali ya magadi kuharibu vitamini B1.

Jihadhari tu na muuzaji anayekupimia poda isiyo na lebo na kuiita magadi soda. Kwa watengeneza sabuni rafu hiyohiyo hubeba kostiki soda, na hiyo huunguza koo. Kama hakuna lebo, usinunue ya kula.