Walitaka kufungua hedi, kumbe ni wota pampu

Nimelala na hasira, nimeamka nazo, naandika hivyohivyo. Gereji yenyewe siitaji jina, iko upande wa Uyole, Mbeya. Kama una lori la dizeli la zamani kama langu, ipite.

Gari lilikuwa linakunywa kulanti, yale maji ya rejeta ya kupozea injini. Tunatoka Njombe na viazi rejeta imejaa, tukifika Chimala dereva anaongeza lita mbili. Usiku likilala uani, asubuhi chini pakavu, hata tone.

Fundi mkuu hakunisalimu. Akainua kabini, akachungulia kidogo tu: "Mama, gasketi ya hedi hiyo. Kulanti inaingia ndani inaungua." Hedi ni kile kifuniko cha juu cha injini, na gasketi ndiyo inayoziba katikati. Nikamuuliza, mbona halitoi moshi mweupe? Stiki ya oili nimeichomoa mwenyewe, oili haijawa kama chai ya maziwa. Na ukiliwasha la baridi mfuniko ukiwa wazi, rejeta haitoi mapovu. Akawageukia wenzake, wakacheka. "Mama, wewe kauze viazi, injini tuachie wanaume."

Mwe! Hayo magari nimeanza kuyamiliki yeye bado anaokota chupa za soda. Na mimi mjinga, pamoja na hayo yote, nikaenda kununua gasketi.

Aliyeniokoa ni kijana wao wa kushika spana. "Shikamoo mama. Naomba tuliwashe kwanza lipate moto." Akakaza mfuniko, akaliacha linaunguruma kama nusu saa, akatandika boksi, akajilaza chini na tochi ya simu. Akaniita niinamie. Chini ya wota pampu, ile inayozungusha kulanti, kuna kitundu, kimewekwa makusudi kabisa: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo yasiende kuua beringi. Pembeni yake ukoko wa kijani umeganda kama magadi. Injini ikipoa hakuna kitu. Ikishika moto na presha ikipanda, tone, tone, na feni inayapuliza yote nyuma yanakaukia kwenye injini. Utayaona wapi chini?

Pampu ikabadilishwa siku hiyohiyo, na nisiseme uongo, waliifunga vizuri. Gari limeshapanda Kitonga mara mbili likirudi na mzigo wa duka toka Dar, mshale wa joto haujavuka katikati. Mikono wanayo. Labda nendeni tu, ila mumtafute yule kijana.

Hapana, msiende. Nikiwa nalipa, fundi mkuu akaniongezea hela ya "ukaguzi". Ukaguzi upi? Wa kunicheka? Na kijana aliyekagua kweli hakupewa hata soda, nimemnunulia mimi.

Duka nalo limekataa kurudisha mzigo. Gasketi ya silinda sita ipo jikoni kwangu imening'inia kwenye msumari, mpya, haijaguswa. Anayeihitaji aje aichukue kwa nusu bei, ila akifika aanze na salamu.