Chujio la Silikati ya Kalsiamu kwa Maji ya Kisima: Tathmini ya Mtumiaji wa Chunya

Chujio hili, ambalo nililinunua kwa shilingi 145,000 katika duka moja la vifaa vya maji pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ni silinda ya plastiki iliyojazwa punje nyeupe za silikati ya kalsiamu iliyotengenezwa kiwandani. Kazi yake ni kukamata metali nzito zilizoyeyuka majini, hususan risasi, kadimiamu, shaba na zinki. Kwa kazi hiyo nalisifu. Tatizo langu ni namna linavyouzwa, kwani muuzaji alinihakikishia kwamba "linaondoa sumu zote, mzee wangu, hata zebaki ya mialoni," maneno ambayo mkazi wa Chunya, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, hawezi kuyapuuza.

Nyumbani kwetu Makongolosi tunatumia kisima kilichopo upande wa chini wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Mawe ya huku huambatana na madini mengine, yakiwemo ya risasi na shaba, na yakishasagwa unga wake hubaki kwenye marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kutolewa dhahabu, ambako mvua huyafikia. Nilipeleka maabara sampuli ya maji ya kisimani na nyingine ya maji yaliyopita kwenye chujio. Ile ya kwanza ilizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani, na ile ya pili ilikuwa chini yake.

Silikati ya aina hii, ambayo mojawapo huitwa tobamoraiti kwa jina la mji wa Tobermory nchini Uskoti, hupatikana kwa kupika chokaa na silika kwa mvuke wenye mgandamizo, katika joto la kama nyuzi 180 za Selsiasi au zaidi. Maji yenye risasi yanapopita kwenye punje, kalsiamu hutoka na risasi hushika nafasi yake. Papo hapo punje huyapunguzia maji asidi, na metali nyingi zikifika katika hali hiyo huacha kuyeyuka, zikaganda na kunasa humo humo. Nimejiuliza kwa nini kitu hiki kiagizwe kutoka nje, ilhali chokaa ipo Songwe na majivu ya pumba za mpunga wa Usangu yamejaa silika.

Badiliko hilo la asidi huonekana jikoni mara moja. Chai ya Tukuyu iliyopikwa kwa maji ya chujio jipya ilitoka nyeusi kama kahawa, nikaikamulia ndimu ikarudia wekundu wake, na birika nalo likaanza kushika ukoko mweupe. Hali hiyo ilipungua baada ya kuyamwaga maji ya awali, jambo ambalo karatasi ya maelezo ilipaswa kulisema. Karatasi hiyo imekaa kimya pia kuhusu jambo zito zaidi: ukoko wa birika huku kwetu tunautoa kwa ndimu au siki, na mtu anaweza kudhani chujio nalo lioshwe hivyo, wakati asidi huziyeyusha punje zenyewe na kuyarudishia maji metali zilizokwisha kukamatwa.

Sasa zebaki. Kwa mchimbaji mdogo na familia yake, hatari yake kubwa ni moshi unaotoka wakati wa kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, tena mara nyingi uani, karibu na watoto. Hatari nyingine ni samaki, kwa kuwa zebaki iliyotuama kwenye tope hubadilishwa na vijidudu kuwa methili-zebaki, ambayo hujikusanya katika nyama ya samaki. Chujio la jikoni haliwezi kuzuia lolote kati ya hayo, na anayelinunua kwa ajili hiyo atajiona salama huku akiendelea kuvuta moshi ule ule.

Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo visitegemewe kuondoka humo. Maji tunayachemsha kama zamani. Aseniki nayo kwa kawaida huwa majini katika umbo lenye chaji hasi au lisilo na chaji, tofauti na risasi na kalsiamu zenye chaji chanya, kwa hiyo haibadilishani nafasi na kalsiamu jinsi risasi inavyofanya, na mwenye tatizo hilo atafute chujio la aina nyingine.

Mtiririko wa maji ni wa polepole lakini unatosha kwa kunywa na kupikia. Kujua lini punje zimechoka ndiko kugumu, maana maji hayabadiliki rangi wala ladha risasi inapoanza kupenya. Bila kupima tena, unabahatisha. Kwa sababu hiyo ningemshauri mnunuzi apime maji ya kisima chake kabla hajatoa fedha, na kama hayana metali nzito, aliache chujio dukani. Kuhusu punje zilizokwisha kazi, muuzaji aliniambia nizimwage bustanini. Zimebeba risasi yote iliyotoka kisimani, kwa hiyo zangu nimezifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na mboga na kuku, na nimemtaka muuzaji azipokee ninapokwenda kununua nyingine. Bado hajakubali.