Kuokoa kiwanda au kumpunguzia mnunuzi?

Katika msukosuko wa kiuchumi wa 2008 na 2009, Marekani ilijaribu njia zote mbili kwenye sekta ya magari, na hadi leo watu wanabishana ipi ilikuwa na maana.

Ya kwanza ilimwaga takriban dola bilioni 80 kwenye sekta hiyo, nyingi zikienda kwa kampuni za GM na Chrysler. Wananchi wengi walikasirika, na nawaelewa: wakubwa walioboronga wanaokolewa, mwenye duka dogo anaambiwa apambane na hali yake. Lakini kiwanda cha magari hakifungwi peke yake. Anayekiuzia viti, breki na nyaya naye anafunga. Sehemu kubwa ya pesa ilirudi, ingawa kwa GM serikali ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10 ilipomaliza kuuza hisa zake Desemba 2013.

Ya pili ilipendwa zaidi mitaani. Peleka gari kuukuu linalobugia mafuta, upunguziwe dola 3,500 au 4,500 kwenye gari jipya. Dola bilioni ya kwanza ya serikali iliisha haraka, zikaongezwa bilioni mbili, na magari karibu 680,000 yakasalimishwa. Kisha yakauawa: oili ilitolewa, kemikali ikamiminwa kwenye injini, ikawashwa mpaka ikakwama. Asiyemudu gari jipya aliyaona yakienda hivyohivyo, nayo mengi yalikuwa bado yanatembea! Mpango ulipokwisha Agosti 2009, mauzo yalishuka. Wengi walikuwa wamewahisha tu ununuzi.

Mimi nachagua ya kwanza, hata kama inaudhi zaidi.