Miaka Miwili na Leaf Baada ya Fielder: Uzoefu Wangu wa Gari la Umeme

Mwezi wa Juni mwaka 2023 niliacha kuendesha Toyota Fielder ya petroli iliyokuwa imenihudumia kwa miaka sita, nikaanza kwenda kazini kwa Nissan Leaf ya mwaka 2018, yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetembea kilomita 41,000. Leo dashibodi yake inaonyesha zaidi ya kilomita 79,000. Ninaishi Ruiru katika nyumba yenye ua na lango lake, ofisi yetu iko Upper Hill, na kwetu ni Mwingi, ambako huwa ninakwenda kwa pikapu ya dizeli ya kaka yangu. Kwa hiyo nimeyaonja magari ya aina zote tatu, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua gari la umeme lililotumika, kwa kuwa ndilo ambalo wengi wetu tunaweza kulimudu.

Nianze na betri, maana hapo ndipo nilipokosea. Mtu anayenunua Fielder husikiliza injini, hutazama moshi na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Anayenunua gari la umeme hununua betri, na mengine yote ni nyongeza. Muuzaji aliniambia kwa uhakika kwamba gari lingetembea kilomita 400 kwa chaji moja. Namba hiyo hakuizua, kwa sababu ndiyo iliyotolewa Japani kwa kipimo cha huko kiitwacho JC08. Lakini gari hilohilo, likiwa jipya, lilipopimwa Marekani lilipewa kilomita 243, na kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP likapewa 270. Langu halikuwa jipya. Wiki mbili baada ya kulipa nilinunua kifaa kidogo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari na kuchomekwa chini ya usukani, nikakiunganisha na programu ya LeafSpy kwenye simu, nikakuta afya ya betri, yaani uwezo wake uliobaki ukilinganishwa na ilipokuwa mpya, ni asilimia 89. Leo ni 84. Nikilijaza kabisa, mjini napata kilomita 210 hivi. Nikishika barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kilomita 170 ndizo ninazoweza kuzitegemea. Kwa shughuli zangu zinatosha na kubaki, lakini kipimo hicho ningekifanya kabla ya kutoa pesa, ningekuwa na haki ya kuomba bei ishuke.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa ni kwamba betri ya Leaf haipozwi kwa maji wala kwa kiyoyozi, bali hupoa kwa hewa tu inayopita. Joto ndilo linaloizeesha. Ruiru kuna baridi ya kutosha usiku, na ninaamini hilo limenisaidia. Ningekuwa naishi Mombasa au Garissa, ningetafuta gari ambalo betri yake ina mfumo wa kupozwa, hata kama ningelazimika kungoja mwaka mmoja zaidi nikiweka akiba.

Sasa nieleze habari ya kuchaji nyumbani, ambayo ndiyo nusu ya maisha ya gari hili. Miezi miwili ya kwanza nilichomeka chaja ya mkononi kwenye soketi ya kawaida ya sebuleni, nikipitisha waya wa ekstensheni dirishani hadi uani. Usiku mmoja, yapata saa nane, mke wangu aliniamsha akisema anasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofika sebuleni nilikuta plagi imegeuka rangi ya kahawia upande wa pini ya moto, uso wa soketi umevimba na kulainika kama nta, na waya uliokuwa umezungushwa kwenye gurudumu la ekstensheni una joto la kuunguza vidole. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Chaja ile huvuta ampea 10, kiasi ambacho soketi nzuri huweza kukibeba, lakini pasi hutumika dakika 20 na gari huvuta saa kumi na mbili mfululizo. Soketi iliyolegea haiwezi kuvumilia kazi hiyo, na ekstensheni iliyoviringishwa haina pa kutolea joto lake.

Kesho yake nilimwita fundi wa stima mwenye leseni. Alivuta laini ya peke yake kutoka kwenye boksi kuu kwa waya wa milimita 6, akaweka swichi ya kinga ya ampea 32 pamoja na ile inayokata umeme unapovuja, na akapigilia fito ya ethi ardhini karibu na ukuta. Gharama hiyo ihesabiwe kama sehemu ya bei ya gari, si jambo la kufikiriwa baadaye. Nikaongeza na chaja ya ukutani ya kilowati 7, na hapo nikajifunza jambo jingine. Chaja iliyomo ndani ya Leaf nyingi za soko la Japani hupokea kilowati 3 tu, kwa kuwa ile ya kilowati 6 ilikuwa ya kuchagua na kulipia zaidi. Yangu ni ya kilowati 3. Ukuta ukitoa 7, gari hupokea 3. Hata hivyo, mtu anayetembea kilomita 60 kwa siku hahitaji zaidi ya hapo: nachomeka saa tatu usiku, na kabla ya saa nane nilichotumia mchana kimekwisha kurudi.

Kuhusu pesa, nitatoa hesabu zangu bila kuzipamba. Natembea takribani kilomita 1,400 kwa mwezi. Fielder, kwa msongamano wa Thika Road kuanzia Githurai hadi Pangani, ilikuwa ikinipa kilomita 12 au 13 kwa lita, yaani lita 112 hivi kwa mwezi. Petroli Nairobi ilipofika KSh 211.64 kwa lita Septemba 2023, mwezi huo ningelipa zaidi ya KSh 23,000. Kwa bei ya karibu na 180 iliyokuja baadaye, ni kama KSh 20,000. Leaf hunila uniti 240 kwa mwezi, zikiwemo zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Tokeni ya KSh 1,000 hunipa uniti 34 hivi, kwa hiyo jumla ni kama KSh 7,000. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa magari, ambayo ilipoanza, kabla ya kodi na tozo, ilikuwa KSh 16 kwa uniti na KSh 8 katika saa za usiku ambazo matumizi ni madogo, lakini ilianzia uniti 200 kwa mwezi na iliwafaa zaidi wenye magari mengi au vituo. Nimebaki na mita yangu ya nyumbani. Ongezea kwamba Fielder ilikuwa ikienda kubadilishiwa oili na filta kila baada ya kilomita 5,000, na kwamba siku ya 14 ya kila mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza bei mpya za mafuta, siku hizi nasikiliza habari hizo kwa ajili ya kaka yangu.

Ninalolipenda zaidi, hata hivyo, ni jinsi gari lenyewe linavyokwenda kwenye foleni. Katika gari la petroli, saa moja na nusu ya kusogea na kusimama ni saa moja na nusu ya mtetemo, ya mguu kwenye breki, na ya mafuta yanayoungua bila safari. Katika Leaf, gari likisimama mota nayo imesimama. Kinachotumika ni kiyoyozi na taa tu. Ukiwasha mfumo wa kuendesha kwa pedali moja, unakanyaga kwenda na unaachia ili kupunguza mwendo hadi gari lisimame lenyewe, na mota hugeuka jenereta inayorudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Nafika nyumbani sijachoka kama zamani. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuliona hilo, kabla yangu mimi.

Safari iliyonifundisha mengi kuhusu masafa ilikuwa ya Naivasha, Desemba ya mwaka ule wa kwanza. Tuliondoka Ruiru tukiwa na asilimia 100, tukapanda Limuru hadi Kinale, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko juu kipimo kilisoma 48. Nusu ya betri ilikuwa imekwisha kabla ya kulifikia bonde, nami nilinyamaza, maana nilikuwa nimewaambia watoto kwamba hakuna wasiwasi. Kisha mteremko ukaanza. Niliachia pedali, gari likawa linajizuia lenyewe, na namba ikaanza kupanda: 49, 50, 51, huku binti yangu akizisoma kwa sauti. Tulifika Naivasha tukiwa na asilimia 46, ambazo zisingeturudisha nyumbani kwa sababu mteremko ule sasa ulikuwa mlima.

Vituo vya kuchaji haraka vilivyopo nchini vingi vimejengwa kwa plagi nyingine, na Leaf hutumia CHAdeMO, ambayo hupatikana kwa uchache. Kwa hiyo nilimwendea mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia.

"Shikamoo, mama. Naomba kuchomeka gari usiku huu. Litatumia uniti kama 20, nami nitazilipia."

"Marahaba, mwanangu. Litalipuka?"

"Halitalipuka, mama, lakini naomba kwanza niitazame soketi yenyewe."

Alinionyesha soketi ya jikoni, nzito na mpya, ambayo friji lake kubwa ndilo lililokuwa likiitumia mchana. Nililipa KSh 600 na asubuhi tukawa na chaji ya kutosha kurudi. Umeme ule huenda ulitoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, nyuma ya vilima tulivyokuwa tukiviona barazani, na kusema kweli hilo lilinifurahisha kuliko mandhari ya ziwa.

Kwa upande wa matengenezo, kuna mengi ambayo hayapo: oili ya injini, plagi za cheche, mkanda, ekzosi. Breki zangu bado ni zilezile nilizonunua nazo gari. Tairi zimeisha mapema kuliko za Fielder, kwa sababu gari ni zito na mota hutoa nguvu zake zote papo hapo. Lakini lipo tatizo moja linalowashangaza wengi. Asubuhi moja ya Julai gari lilikataa kuwaka, betri kuu ikiwa na asilimia 75. Kilichokufa kilikuwa ile betri ndogo ya kawaida ya volti 12 chini ya boneti, ambayo ndiyo huamsha kompyuta na swichi za ile kubwa. Ikilala, gari lote limelala. Jirani yangu alileta Probox yake, tukaunganisha nyaya, na gari likaamka mara moja. Betri hiyo ndogo ibadilishwe mapema, kabla haijalegea.

Fundi wangu wa miaka yote, mtu makini, alifungua boneti, akaziona nyaya za rangi ya machungwa, akafunga. Alisema hatagusa asichokijua, na nilimheshimu kwa hilo, kwa kuwa nyaya zile hubeba zaidi ya volti 300. Mafundi wenye mafunzo ya magari haya wapo Nairobi, ila ni wachache na unawafuata waliko. Redio na ramani nazo ni za Kijapani mpaka leo. Simu kwenye kishikio imechukua nafasi yake.

Dizeli sijaiacha, na sidhani nitaiacha karibuni. Kutoka Ruiru hadi Mwingi ni kilomita 150 hivi, na Leaf ingefika, lakini ingefika imechoka, mahali ambapo mama yangu ana taa za sola tu. Tumbo la gari ni la chini, na njia ya kuingia bomani ina mawe ambayo hata pikapu huyakwepa. Tunapopeleka tangi la maji, saruji, au tunaporudi na magunia ya pojo, pikapu ya kaka hubeba mzigo wake, hujazwa mafuta Matuu kwa dakika tano, na huendelea. Kelele na harufu yake sasa nazisikia zaidi kuliko zamani, lakini kazi ile Leaf haiiwezi.

Dada yangu, anayeishi ghorofa ya nne Roysambu, amekuwa akiniomba nimtafutie gari kama langu tangu aone risiti zangu za tokeni. Nimemwambia asubiri. Anaegesha barabarani nje ya jengo, hana soketi, na kutegemea vituo vya madukani kwa kila chaji kungempotezea muda wote anaotarajia kuufurahia, tena kwa bei ya juu kuliko ya nyumbani. Tumekubaliana amwombe mwenye nyumba nafasi moja ya kuegesha karibu na ukuta, laini ya peke yake na mita ndogo atakayoilipia mwenyewe. Akikubaliwa, nitakwenda naye kuangalia magari nikiwa na kile kifaa cha OBD mfukoni, na muuzaji asiyeruhusu kichomekwe tutamuaga.